Ibada Kwenye Ngazi

Kila siku Euphrasie alimaliza kuwaosha na kuwalisha wazee wa watu, kisha akarudi Thamesmead, mtaa wa London, kusugua kuvu nyeusi kwenye kuta za nyumba yake. Binti yake Shekinah alipolazwa hospitalini kwa pumu, alilalamika kwa kampuni inayosimamia jengo, nayo ikamjibu kwamba kosa ni lake: anaanika nguo ndani na hafungui madirisha.

Jumapili hiyo Pasta Séraphin alimwita mbele ili kanisa limwombee. Euphrasie hakupiga magoti.

"Pasta, mmeniombea mwaka mzima," alisema bila kupandisha sauti. "Sasa njooni muombe kwangu. Kanisa lote."

Pasta hakuwa amefika kwake hata mara moja. Aibu ikamshika, akakubali.

Jumapili iliyofuata walikwenda na ngoma na kinanda. Nyumba haikuwatosha, wakajaa hadi kwenye ngazi, wakaimba mpaka majirani wakafungua milango. Mama Madhu, Mhindu mzaliwa wa Kisumu, aliwashika mikono akawaingiza kwake waone dari inavyovuja. Wengine nao wakafungua. Kumbe kila mmoja alikuwa ameambiwa kosa ni lake peke yake.

Siku hiyohiyo mke wa pasta, Stéphanie, alimchukua Shekinah, aliyekuwa ametoka hospitalini, akakae kwao. Pasta naye akaiarifu kampuni kwamba watasali pale kila Jumapili mpaka jengo litengenezwe. Wakasali kweli, hata kwenye baridi, makoti juu ya nguo za ibada. Gazeti la mtaa likaja, diwani akaja, mwishowe akaja meneja mwenyewe. Akamvuta Euphrasie pembeni: ipo nyumba kavu, yake na mtoto wake, ahamie wiki hiyo.

Euphrasie alimtaka mwanawe arudi kwake kuliko kitu chochote.

"Na Mama Madhu? Na hawa wote?" akauliza. "Tengeneza jengo, bwana. Hatuondoki."

Waliokuwa karibu walisikia. Wimbo ukaanzia hapo, ukashuka ngazi hadi chini.

Kabla ya Pasaka mafundi waliingia, wakabandua plasta mpaka kwenye matofali, wakaziba paa, wakabadilisha mabomba ya nyumba zote. Siku Shekinah aliporudi, kwaya ilijipanga uani. Mama Madhu, ambaye hakuwa Mkristo wala hakukusudia kuwa, alishika kayamba akacheza mbele yao. Euphrasie, bado na sare ya kazi mwilini, alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.