Ekseli Iliyoungwa

Mjane alileta gereji pikapu iliyovutwa kwa kamba, ile iliyopinduka na kumuua mumewe. Gurudumu la nyuma lilikuwa limeng'oka. "Wakwe zangu wanasema alikuwa amelewa, ndiyo maana akafa," alimwambia fundi.

Fundi aliichomoa ekseli, chuma kinachoshika magurudumu ya nyuma. Ilikuwa imekatika pale ilipowahi kuchomelewa. Nusu ya mkato ilishika kutu, maana yake ufa ulianza zamani. Nusu nyingine iling'aa, ilikatika siku ya ajali. Aliutambua ule mshono wa kuchomelea. Ulikuwa wa mkono wake mwenyewe.

Angeweza kufunga ekseli mpya na kunyamaza. Aliinua ile ekseli mbele ya mjane.

"Si pombe, dada," alisema. "Chuma hiki kilikatika akiwa njiani. Nilikiunga mimi, nikamhakikishia kiko salama."

Mjane alikitazama kile chuma bila kulia.

"Kibebe," alisema. "Twende ukawaambie wakwe zangu."