Seva Iliyojipandisha Cheo

Kabla Persis hajaajiriwa, kila kompyuta katika kile kiwanda cha chai karibu na Nyansiongo ilimuuliza Haron, fundi wa kompyuta, saa. Si yeye hasa. Iliuliza seva yake, nayo seva ilichukua saa mtandaoni. Lakini heshima hiyo Haron aliihesabu kuwa yake.

Persis, binti kutoka Ekerenyo, alipokuja, akapachika antena juu ya paa. Meneja, Madam Drusilla, akamtaka aeleze mkutanoni.

"Kompyuta hupanga saa kwa madaraja," Persis alisema. "Mashine yangu inapokea saa ya setilaiti moja kwa moja, kwa hiyo ni daraja la kwanza. Seva ya Bwana Haron inapokea saa iliyopitia kwa wengine. Ni daraja la tatu."

"Haron, kumbe wewe ni wa tatu!" mtu akatania.

Ofisi nzima ikacheka. Haron naye akacheka, mdomo mchungu kama aliyekula chinsaga, ile mboga chungu, isiyotiwa maziwa.

Tangu siku hiyo Persis akawa mwiba kwake. Akisifiwa, Haron anakohoa. Madam akimwita ofisini, Haron anahesabu kuwa ni yeye anayesengenywa. Ijumaa moja, wenzake wakiwa wamewahi nyumbani kabla Sabato haijaingia, alibadilisha mstari mmoja tu wa mipangilio ili seva yake ijitangaze kuwa daraja la kwanza. Akaenda zake akipiga mluzi.

Baadaye mvua ikaangusha nguzo, mtandao ukakatika siku nyingi. Seva ya Haron, kuukuu na bila pa kujisahihisha, ikazidi kukimbiza saa mbele huku ikijiita ya kwanza. Kompyuta ya mizani ikaiamini. Ya mapokezi ikaamini ya Persis. Basi asubuhi moja mfumo ukakataa mzigo baada ya mzigo: majani yamepokelewa kabla ya kupimwa!

Malori yakapangana hadi barabarani. Majani yakaanza kupata joto na kugeuka mekundu.

"Mnatuozea chai!" mkulima mmoja, mzee Mokua, alifoka langoni.

Persis akafungua kompyuta ya mizani, akatazama, kisha akamwinamia Haron.

"Bwana Haron, seva yako imepanda cheo lini?"

Haron akaufuta ule mstari na kuielekeza seva yake kwa mashine ya Persis. Mizani na mapokezi zikapatana. Malori yakaanza kuingia, ila mizigo ya mawili ilikuwa imekwisha kuharibika.

"Ilikuwa nini?" Madam Drusilla aliuliza.

Persis akanyamaza. Ukimya ule ulimuuma Haron kuliko kusutwa: hata kwa huruma, huyu binti amemzidi!

"Ni mimi, Madam," akasema. "Niliidanganya mitambo."

Alipewa barua ya onyo na kunyang'anywa seva. Jumatatu Persis alimletea kiti karibu na meza yake mwenyewe, akamwomba amwonyeshe nyaya za kiwanda zinapopita. Haron akaketi, akamwonyesha, bila kumtazama usoni.