Mota kwa Baiskeli ya Mikono

Daktari alimwambia Nzembi apumzishe bega la kulia kwa miezi mitatu. Alisema hivyo huku akiita mgonjwa mwingine. Nje ya mlango ilikuwa imeegeshwa baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, na njia ya kufika nyumbani ilikuwa ni kuizungusha kwa bega hilohilo.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Polio ilimpoozesha miguu akiwa mtoto wa miaka mitatu. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akitoka mtaa wa Sofia kila asubuhi hadi kibandani mwake karibu na soko la Voi, ambako alishona sare za shule kwa cherehani ya umeme, na jioni akirudi. Hakuna aliyemhurumia tena njiani. Makanga walimpungia mkono, na wauza maji walimpisha kama wanavyopisha mkokoteni mwingine wowote.

Kavinya, mdogo wake aliyeishi naye, alikuwa na jibu tayari siku hiyohiyo. Cherehani ihamishiwe nyumbani, wateja waje, na siku ambayo dada atataka kutoka wataita boda. Aliyasema hayo kwa upendo huku akimkanda bega kwa dawa ya kuchua. Nzembi alimsikiliza mpaka mwisho bila kukubali. Alikuwa ameanza shule akiwa na miaka tisa. Kabla ya hapo alikaa barazani akihesabu watu wanaopita, na neno nyumbani lilikuwa bado na harufu ya baraza ile.

Wiki hiyo mteja mmoja, akingoja suruali ya mwanawe ifupishwe, alimwonyesha video ya mtu anayepanda mlima kwa baiskeli bila kukanyaga pedeli. Ilikuwa baiskeli ya kawaida iliyofungwa mota. Nzembi aliomba aione tena, halafu tena. Mteja alipoondoka, Nzembi alikuwa ameshashona mguu mmoja wa suruali mfupi kuliko mwingine.

Kuanzia hapo simu haikumtoka mkononi. Alitafuta katikati ya kukata kitambaa, katikati ya chakula, hata kanisani wakati wa matangazo. Kwanza aliipata injini ya petroli kwenye duka kubwa la mtandaoni linalouza kila kitu, kuanzia nepi hadi friji. Ingefika Voi ndani ya wiki moja. Alisoma maoni yote ya wanunuzi. Mmoja aliandika kwamba inapiga kelele lakini inaenda. Mwingine aliletewa sanduku lisilo na cheni. Siku moja aliiweka kwenye kikapu na kuitoa mara nne, kisha akamwita Kituku.

Kituku alikuwa fundi wa baiskeli, mzee wa maneno machache, na kibanda chake kilipakana na cha Nzembi. Alivaa miwani, akaitazama ile picha, halafu akaitazama baiskeli ya Nzembi, ambayo cheni yake inashuka kutoka kwenye pedeli za mkono hadi gurudumu la mbele.

"Injini hii inavuta gurudumu la nyuma," alisema. "Yako inavutwa mbele. Tutaifunga wapi, shingoni mwako?"

Alimweleza kwamba kinachomfaa ni mota ya umeme, ile inayokaa katikati ya gurudumu lenyewe. Litolewe gurudumu la mbele, liwekwe lenye mota, na betri ikae nyuma ya kiti. Nzembi aliifuta injini ya petroli kwenye kikapu akiwa bado anasikiliza.

Wauzaji wa mota za aina hiyo aliopata walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa na ukurasa wa Facebook na alisema yuko Mombasa. Majibu yake yaliingia kabla Nzembi hajaiweka simu mezani. Mota hiyo ingempandisha mpaka Chawia, juu milimani, bila jasho. Inaingia kwa baiskeli yoyote. Imebaki moja tu na kuna mteja mwingine anaitaka, kwa hivyo atume nusu ya pesa leo. Nzembi alipouliza upana wa mahali pa kuingiza gurudumu, aliambiwa ni wa kawaida. Alipouliza kipuri kikiharibika atapata wapi kingine, aliambiwa haiharibiki.

Wa pili alikuwa na tovuti isiyopendeza, ya Nairobi. Picha zilipigwa kwenye sakafu ya simenti, na katika mojawapo vidole vya mguu vya mpiga picha vilionekana. Lakini chini ya mota kulikuwa na vitu vidogovidogo vilivyouzwa kimojakimoja: spoku, nati, waya, vishikio vya breki. Nzembi aliandika Jumatatu. Jibu lilikuja Jumatano, nalo lilikuwa maswali matupu. Upana wa foku inayoshika gurudumu, kwa milimita. Ukubwa wa rimu. Uzito wa baiskeli, uzito wake yeye. Kuna miteremko? Breki ni za aina gani, na ziko ngapi? Mwishoni paliandikwa Shanice.

Nzembi alikasirika. Alikuwa amengoja siku mbili, na sasa anaulizwa uzito wake na mtu asiyemjua. Hata hivyo alimwomba Kituku apime, akapiga picha, akatuma kila kitu kabla ya saa sita. Alasiri Shanice alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya msichana mdogo kuliko alivyodhani, na nyuma yake kulisikika mtu anagonga chuma.

"Madam, naona breki moja tu, ya mbele."

"Ndiyo. Imenitosha miaka kumi na sita."

"Ilikutosha kwa mwendo wa mikono. Weka ya pili, ya magurudumu ya nyuma, halafu unitumie picha. Kabla ya hapo sitakuuzia."

Nzembi alimwambia kwamba pesa ni zake na mwili ni wake. Shanice hakupandisha sauti. Alisema ni kweli, lakini baiskeli hiyo itabeba mota, betri na mtu asiyeweza kuruka chini ikimshinda, na yeye hataki kuwa ndiye aliyeiuza. Akaaga.

Saa ile Nzembi angeweza kufanya ujinga wowote. Alifungua ujumbe wa yule wa Mombasa, akaingiza namba ya simu ya muuzaji huyo kwenye M-Pesa, akaandika kiasi. Ilibaki namba ya siri tu. Baadaye alikiri kwa Kavinya kwamba hakuokolewa na busara. Alikuwa tu na hasira, na alitaka mtu yeyote amsumbukie kidogo kabla ya kupewa pesa zake. Kwa hivyo alimwomba muuzaji aandike jina Nzembi kwenye karatasi, aiweke juu ya mota na apige picha.

Kwa mara ya kwanza yule mtu alikawia kujibu. Kesho yake ilikuja picha ileile ya tangazo, na jina lake limechapwa juu yake kwa herufi nyekundu za simu, zikielea hewani kando ya gurudumu. Nzembi alicheka. Kisha akaiweka simu chini ya vitambaa asiione.

Ikabidi arudi kwa breki. Kituku alitafuta breki mbili kwenye mabaki ya baiskeli za zamani, akamtuma fundi wa kuchomelea atengeneze vishikilio kwenye chuma cha nyuma. Kazi ilichukua siku tisa kwa sababu ya umeme kukatika na kwa sababu Kituku hakukubali kuharakishwa. Nzembi alimuuliza mara tatu kwa siku. Alianza kushona mashati matatu kwa wakati mmoja bila kumaliza hata moja. Siku ya kumi alituma picha, na Shanice akajibu kwa neno moja: sawa.

Mzigo ulikuja na basi siku ya Ijumaa. Gurudumu liliingia kwenye foku kama lililozaliwa pale, lakini waya wa kukata umeme breki inaposhikwa ulikuwa mfupi. Kituku alikataa kuiwasha hivyo. Shanice hakubishana. Alisema alikosea kipimo, akatuma waya mwingine, na Nzembi akangoja siku nne zaidi akiwa na mota mbele yake isiyozunguka. Zilikuwa siku mbaya kuliko zote.

Jumatano ilizunguka. Alisukuma kishikio cha kuongezea mwendo kwa kidole gumba, na baiskeli ikasogea chini yake bila bega kufanya lolote. Alizunguka soko mara mbili huku Kituku akimfuata mbiombio, akipiga kelele ajaribu breki. Alizijaribu. Zilishika.

Mtu mwingine angetulia hapo. Nzembi alitazama njia ya kwenda Sofia, akaiona fupi.

Mwalimu mmoja aitwaye Wakio, wa shule ya msingi iliyo upande wa pili wa mashamba ya mkonge, njia ya Mwatate, alikuwa amemwomba kwa miaka miwili aende akapime wanafunzi sare. Siku zote alikataa kwa kisingizio cha kazi nyingi. Alhamisi asubuhi alimpigia akasema anakuja. Hakumwambia Kavinya. Alichukua utepe wa kupimia, daftari na chupa ya maji, akashika barabara.

Alienda kwa kasi yote iliyokuwepo. Mkonge ulipita pande zote mbili kwa mistari iliyonyooka, milima ya Taita ikakua mbele yake, na malori yalipompita alijikuta anacheka peke yake. Shuleni alipima watoto sitini na wanne. Wakio alimletea chai na kumuuliza kama hajachoka, na Nzembi alisema hapana, na ilikuwa kweli.

Wakati wa kurudi, upepo ulikuwa wa mbele. Alisukuma kishikio hadi mwisho tena. Katikati ya mkonge mota ililegea, ikavuta kidogo, ikanyamaza; betri ilikuwa imekwisha. Shanice alikuwa amemwandikia kwamba safari ndefu ni mwendo wa nusu, naye alikuwa amesoma na kusahau. Alishika pedeli. Gurudumu lilikuwa zito kuliko la zamani, na baada ya mita mia mbili bega lilimchoma hadi machozi. Mzee aliyepita na kuni alimsalimu, akamwambia asikae sana hapo, kwamba ndovu walivuka asubuhi na huenda wakarudi jua likipungua.

Nzembi aliitazama simu muda mrefu. Kisha akampigia mdogo wake.

Kavinya alifika kwa boda na kamba ya kufungia mizigo. Aliifunga baiskeli nyuma ya pikipiki Nzembi akiwa ameikalia, akamwamuru dereva aende polepole, ndipo akamuuliza dada yake.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenikataza."

"Ningekukataza," Kavinya alikubali, akapanda nyuma ya dereva, akageuka kumtazama dada yake njia nzima, mkono mmoja ukiwa juu ya kamba.

Siku mbili Nzembi alikaa kitandani na barafu begani. Kavinya alimletea chakula na hakulitaja tena suala la kuhamisha cherehani. Badala yake alianza mwenyewe kukata vitambaa vya wale watoto sitini na wanne, kwa kufuata daftari, akiuliza alipokwama. Siku ya tatu Nzembi alimwandikia Shanice kwamba anataka betri ya pili.

Shanice aliuliza ni kwa umbali gani.

Nzembi aliandika Mwatate, akafuta. Aliandika Taveta, kule mpakani na Tanzania, akaitazama, akaona haya, akafuta hiyo pia. Kavinya alikuwa ameacha kukata, anamngojea amwambie mikono ya shati iwe mirefu kiasi gani. Nzembi alimjibu, kisha akarudi kwenye simu na kuuliza betri kubwa kuliko zote wanazouza inafika wapi.