Sikio la Kushoto

Siku ya kuandikisha watoto darasa la kwanza, mwaka 1956, niliamka kabla jogoo hajawika. Ilikuwa hofu tu. Mwanangu Tusajigwe alikuwa ametimiza miaka tisa, na mara mbili alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya sikio.

Wakati ule wengi wetu hatukuwa na cheti cha kuzaliwa. Mwalimu alimwambia mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ashike sikio la kushoto. Akilifikia, umri umetosha, anaandikwa. Asipolifikia, arudi nyumbani akakue. Tusajigwe alikuwa mrefu kuliko wenzake wote. Mkono wake ungeweza kulipita sikio ukaenda kukuna bega. Lakini sikio haukulipata. Uliinuka, ukayumba, ukabaki unaning'inia hewani.

Ndivyo alivyokuwa kwa kila kitu. Hakukutazama usoni, alikuangalia kwa upande, kama kuku. Alitembea kwa ncha za vidole. Kizingiti cha mlango wetu alikivuka baada ya kusimama na kupapasa kwa mguu, utadhani kuna shimo. Kikombe alikiweka pembeni ya kigoda, kikaanguka. Na mimi Damari sina subira, Mbalizi nzima inajua. "Tazama!" nilimfokea. "Macho hayo ni ya nini?" Fimbo ikafuata. Maneno yake yalikuwa machache, na kilichomkwamisha hakunieleza hata siku moja.

Mwezi mzima tulifanya mazoezi. Niliazima kioo kwa dada yangu Marta, nikakiegemeza ukutani, nikamkalisha Tusa mbele yake ajione. "Sikio la kushoto." Alitazama kioo, mkono ukaenda kila mahali isipokuwa sikioni. Mara ishirini kwa siku. Nami nilijisifu kwa akili ile ya kioo!

Safari hii ilikuwa ya mwisho. Mwalimu Edmund alikuwa ameniambia wazi kwamba mtoto wa miaka kumi haandikwi darasa la kwanza. Na baba yake Tusa alikwishasema kwamba akirudishwa tena atampeleka kwa bibi yake kule Rungwe, akae huko moja kwa moja, watu waache kutuuliza. Niliogopa kumkosa mwanangu. Ndiyo hofu iliyoniamsha.

Zamu yetu ilipofika nilimsalimu mwalimu kwa Kihehe, maana alitoka Iringa na nilitaka moyo wake ulainike. "Kamwene, mwalimu."

Alicheka kidogo. "Kamwene, mama Tusa. Haya binti, sikio."

Mkono ukainuka. Ukasita.

"Tazama mkono wako, binti," mwalimu alimsaidia.

Tusa akautazama. Ukasimama juu kabisa, kisha ukashuka ukamchoma jicho. Mama mmoja nyuma yetu akacheka.

"Pole, mama Tusa," alisema mwalimu. "Sheria si yangu." Akamwita mwingine.

Tusa akaanza kupiga mayowe. Nilimvuta kando nikamfunika kichwa chote kwa kanga yangu, kama nilivyozoea kufanya jua au watu walipomzidi. Akanyamaza. Nami nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. "Sikio tu, Tusa," nilisema, wala sikutegemea jibu. "Sikio tu, mwanangu."

Ndani ya kanga kitu kikainuka. Kikapita juu ya kichwa bila kusita, kikashuka upande wa pili, kikatulia. Nikafunua pindo. Alikuwa amefumba macho, na sikio la kushoto kalishika kwa vidole vitatu.

"Mwalimu! Njoo uone!" Nilimsukuma yule mama aliyecheka, na sikumwomba radhi.

Mwalimu akaja. "Shusha, binti. Fumba macho. Sikio." Akashika. "Sasa mkono wa kushoto, sikio la kulia." Hilo hatukulifanyia mazoezi kabisa. Akashika.

Mwalimu alirudi mezani akaandika jina, na watu wakanipa hongera. Nilifurahi, lakini furaha haikukaa. Nilikumbuka jikoni kwetu, kusiko na dirisha, giza na moshi mtupu, ambako Tusa aliopoa viazi kwenye majivu na hakukosa hata kimoja. Vikombe vilivunjika uani, mchana kweupe, nikiwa nimemsimamia.

"Mama Tusa," mwalimu aliita, kalamu ingali mkononi, "jambo moja. Darasani kuna kuandika kwenye mistari, kuna ngazi pale mlangoni. Akikosea nimfanyeje? Maana hapa tunachapa."

Watu walikuwa wanasikia. Nilitamani kusema amchape kama wenzake, nisionekane namdekeza. Tusa alikuwa ameshika pindo la kanga yangu, macho bado amefumba.

"Usimchape, mwalimu," nilisema. "Na usimwambie atazame. Mimi nimemwambia hivyo miaka yote. Kila mara alinitii, akaanguka, nikampiga."