Njoo Unuse

Mwaka wa tatu huu nasukuma chapati jikoni kwa mama mkwe, na masala yake hajanifundisha. Husaga tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na giligilani, akayakaanga kwa mafuta, akayafunga kwenye chupa. Nikimuuliza anatia kiasi gani, hujibu: kiasi cha kutosha. Kumtosha nani, jamani?

Kilichonichosha zaidi ni mitihani. Chapati iko kwenye kikaango, yeye ananiita: njoo unuse, yakoje? Nikisema kitunguu saumu bado kibichi, anakoroga tu, hata asante hakuna. Haijapita dakika mbili, naitwa tena. Chapati zinaungua, halafu jioni anamwambia mwanawe kwamba mkewe hawezi kushika mambo mawili. Nilimeza, nikameza, mpaka nikashiba.

Juzi mwenye mkahawa wa jirani alikuwa anakuja kuonja masala. Akiyapenda, atayachukua kila wiki, nasi tutaacha kubangaiza kwa kuuza chupa mojamoja mlangoni. Mama aliandaa masala ya chupa kumi. Aliponiita mara ya nne nikanusa: mabichi kabisa, hata mtoto angejua. Nikasema moyoni, kama jibu analijua, leo alitoe mwenyewe.

"Yameiva, Mama," nikamwambia.

Akazima jiko. Nikamkodolea macho nikingoja anisute. Wapi! Alijaza chupa zote kumi na kukaza vifuniko, nami kwa kiburi changu nikageukia chapati zangu.

Mwenye mkahawa alichovya kipande cha chapati, akatafuna polepole, akaomba maji. Akasifu chapati. Masala hakuyataja, akaaga.

Mama alichukua chupa moja, akaifungua, akaisogeza puani na kuvuta pumzi ndefu. Kisha akakaa kwenye kigoda.

"Tangu niugue homa, kabla hujaolewa, sinusi kitu," akasema. "Hata ulimi umekufa. Sikumwambia mtu, wangeninyang'anya jiko. Nilikuwa natumia pua yako."

Kumbe! Miaka mitatu nanung'unika kwamba nafanyishwa mtihani, na aliyekuwa hajui jibu ni yeye. Nilitamani kumgombeza kwa kunificha, nikajikuta sina mdomo wa kumgombezea.

Akaninyooshea chupa.

"Njoo unuse, mwanangu. Yakoje?"

Sikuwa na haja ya kunusa.

"Mabichi, Mama," nikasema. "Nilijua tangu yakiwa motoni."