Barua Niliyoipa Alama Nne

Mimi nina domo, sikatai. Miaka kumi na tisa nafundisha darasa la tano, na hakuna mada niliyojivunia kama lugha ya kushawishi. "Mambo manne!" nilikuwa napiga ubao kwa kiganja. "Rudia neno lako mara tatu. Uliza swali lisilohitaji jibu. Weka takwimu. Gusa moyo. Ukikosa moja, umekwisha!" Watoto wanaitikia kwa sauti moja, na mimi kichwa kinavimba.

Muhula ule niliwapa kazi: mwandikie mtu wa nyumbani barua, umshawishi abadili uamuzi wake. Mmoja akaomba baiskeli, mwingine paka, na mwingine akaomba mdogo wake mchanga arudishwe hospitali alikotoka. Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikafika kwenye daftari la Mnong'ono. Jina hilo alipewa na wenzake, maana ukitaka kumsikia lazima uiname. Mama yake alifariki mwaka uliotangulia, akabaki na baba yake, fundi cherehani wa nyuma ya soko. Hayo yote niliyajua. Basi usiniulize akili yangu ilikuwa wapi.

Aliandika hivi: "Baba, naomba usinipeleke kwa shangazi. Nywele nitanyoa ili usihangaike kuzisuka. Wateja wakija nitakaa chini ya meza. Nikiondoka utakuwa unakula peke yako."

Basi, hayo tu. Nikashika kalamu nyekundu: "Fupi mno! Takwimu ziko wapi? Swali liko wapi? Hujarudia neno hata moja. Andika upya." Nne kwa kumi. Nikafunga daftari, nikachukua la mwingine.

Kesho yake alileta ukurasa mzima. "Baba, tafadhali, tafadhali, tafadhali! Je, kuna baba asiyempenda mwanawe? Asilimia tisini ya watoto wanaoishi na baba zao hufaulu mitihani." Hiyo asilimia kaitoa kichwani, nami nilijua, nikampa tisa hivyohivyo. Nikamsimamisha mbele aisome, darasa likapiga makofi.

"Mpelekee baba yako," nikamwambia. "Hachomoki hapo!"

Alinitazama kidogo. "Sawa, Mwalimu," akasema, akaikunja.

Wiki tatu baadaye kiti chake kikawa kitupu. Nikadhani ni homa. Siku ya nne baba yake akaingia ofisi ya walimu, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, amekuja kuchukua barua ya uhamisho na madaftari.

"Nimempeleka kwa dada yangu," alisema. "Mtoto wa kike, Mwalimu, na mimi kutwa nzima niko kwenye cherehani. Nitamlea vipi?"

"Na ile barua aliyokuletea?"

"Ile ya asilimia tisini?" Akacheka kidogo. "Niliisoma. Maneno mazito kweli! Nikamuuliza, mwanangu, haya yametoka kwako au ni kazi ya shule? Akasema ni kazi ya shule. Basi, nikaigeuza, nikaandika vipimo vya suruali ya mteja."

Madaftari yake yalikuwa mezani mbele yangu, na ule ukurasa wenye barua ya kwanza ningeweza kuuchana kabla hajauona. Nasema hivyo kwa sababu nilifikiria kufanya hivyo. Ee Mungu nisamehe. Nikaufungua, nikampa.

Alisoma amesimama. Akasoma tena, kidole kikipita chini ya kila neno. Afadhali angenitukana.

"Hii uliipa nne?"

"Ndiyo, kaka. Niliipa nne."

"Mwalimu, ningeletewa hii, mimi ningempeleka wapi mtoto?"

Akatoa simu palepale, akampigia dada yake, akaiweka mezani, spika wazi, nami nisikie. Tukasikia mlango, tukasikia miguu inakimbia, kisha kile kisauti. Sote wawili tukainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Sikiliza. Nimeiona barua yako, ile fupi. Niko hapa na mwalimu wako. Unataka kurudi nyumbani? Niambie tu, nije leo."

Nikawa naomba kimoyomoyo: sema ndiyo, mwanangu, sema ndiyo tu, neno moja linatosha.

"Baba," akauliza kwa adabu, "jibu linalotakiwa ni lipi?"

Baba yake alifumba macho. "Hakuna linalotakiwa, mama. Nakuja." Akatoka bila ile barua ya uhamisho, na mimi nikakaa nikalia mbele ya walimu wenzangu, mtu mzima mimi, bila hata kuficha uso.

Alirudi. Nywele anasukwa na jirani, na baba yake amempangia kiti karibu na dirisha la kibanda. Nilimwomba radhi mbele ya darasa, akasema, "Hamna neno, Mwalimu," kama anavyosema mtoto mwenye heshima. Mada ile siifundishi tena kwa mbwembwe. Lakini mpaka leo nikimuuliza jambo, hata kama ni kumuuliza tu ana njaa, hanijibu mara moja. Ananitazama kwanza usoni, aone ninataka kusikia nini.