Wa Kuuliziwa

Katika kibanda chake cha ushonaji, Sindano hakuwahi kupoteza nguo ya mteja. Kila nguo aliibania kikaratasi kwa pini: "bado vifungo", "ya harusi", "mwenyewe msumbufu". Kwa hiyo kaka yake alipompigia simu kutoka mbali anakofanya kazi, akamweleza kuhusu programu ya ukoo, namna kila jamaa anavyobandikwa lebo ili asipotee katika msitu wa majina, Sindano alicheka. Kumbe kazi ni ileile, ila hawa hawatarudi kudai nguo zao.

"Mzee wetu ndiye pekee anayewajua," kaka alisema. "Na daktari kasema kumbukumbu zake zinakwenda. Tumuwahi."

Wakaanza kumuwahi. Alasiri, wateja wakipungua, Sindano alifunga kibanda mapema, akaweka kompyuta juu ya meza ya sebuleni na kuziingiza picha kuukuu zilizokaa miaka kwenye bati la biskuti. Kila asiyemjua alimbandika lebo ya njano: Wa kuuliziwa. Baba yake, dereva wa treni aliyestaafu, alifuta miwani kwa pindo la shati, akasogeza uso kwenye kioo, akatoa hukumu. Sheria yao ilikuwa moja: njano haiondoki mpaka mzee aseme mwenyewe.

Sindano alianza juu kabisa, kwa mababu wa mababu. Alijiona mjanja. Ya zamani ndiyo yatakayosahaulika kwanza, alijiambia. Wa chini watasubiri. Mama yao marehemu, kaka, yeye mwenyewe, hao wana haraka gani? Nani amsahau mwanawe?

Na mzee alikuwa moto wa kuotea mbali. "Huyu babu yangu mzaa mama. Mkali! Mbuzi wake walikuwa wanamwamkia. Huyu shangazi, mdokozi wa sukari. Na huyu mlevi, mwandike mlevi."

Kaka alipoiona lebo ya Walevi huko aliko, alipiga simu mbio. "Ondoa hiyo, watoto wangu wataiona!"

"Waione," mzee akadakia. "Mlevi ni mlevi. Kufa hakumlevui mtu."

Walicheka mpaka Sindano akashika mbavu. Zilikuwa alasiri nzuri, na ndizo zilizomdanganya. Njano ziliondoka moja baada ya nyingine, naye akaona wanaushinda ugonjwa.

Siku moja mzee akageukia mlangoni. "Mama yako mbona haleti chai?" Mama alikuwa kaburini mwaka wa tatu. Sindano alijikaza kisabuni, akaenda jikoni akaileta chai mwenyewe. Siku nyingine mzee akamwita "fundi", na Sindano akadhani ni utani, maana baba yake na utani ni chanda na pete. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye, mshona nguo mzima, hakukiona. Ugonjwa ule haukuwa ukianzia kwa wazee wa zamani. Ulianzia chini, kwa watu wa karibu, ukipanda. Wakati yeye akiwaokoa waliokufa kabla hajazaliwa, nyuma yake walikuwa wakizama wa nyumbani.

Alipoitwa fundi tena, bila kicheko, ndipo alipogundua hilo, akaruka vizazi vyote, akashuka mpaka chini. Roho ilikuwa juu. Akafungua picha ya kaka.

"Huyu nani, baba?"

Mzee alitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. "Mkaguzi wa tiketi?"

Sindano akafungua picha yake mwenyewe, amesimama mlangoni mwa kibanda, futi ya kupimia shingoni. Mzee aliitazama sana. Alimtazama na yeye aliyeketi pembeni yake, akairudia picha.

"Simjui."

Sindano alichakura kwenye bati la biskuti, akatoa picha ya msichana aliyeng'oka meno ya mbele. Uso wa mzee ukachanua.

"Sindano! Huyu si Sindano wangu! Jina nimempa mimi, kwa huo mdomo wake. Yuko shule, anarudi sasa hivi."

Alisema kwa mapenzi makubwa, na mapenzi yale yalimuumiza Sindano kuliko kusahauliwa. Yalikuwa yake, yote, na hakuna hata tone lililomfikia pale alipoketi. Angeweza kudanganya. Angeiweka ile picha ya utotoni, njano isingegusa jina lake milele. Lakini nguo hukatwa kwa vipimo vya leo. Akaonyesha tena ile ya kibandani.

"Na huyu mkubwa, baba? Tumwandikeje?"

"Si nimekwambia simjui? Mbandike ile yenu ya njano."

Sindano alisogeza kidole. Alibonyeza, na lebo ikakaa chini ya uso wake mwenyewe: Wa kuuliziwa. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Mzee alipoyaona alihuzunika, akampapasa mkono kwa upole aliokuwa nao siku zote kwa watu wa treni yake.

"Usilie, fundi. Usimfute tu. Huyo wa kwetu, nakwambia, tazama pua hiyo, ya mama yangu kabisa." Akafikiri kidogo. "Mtafute baba yake, umwonyeshe hiyo picha. Baba hawezi kushindwa kumjua mwanawe."

"Haya," alisema Sindano. "Nitamuuliza."

Na kesho yake alasiri alifunga kibanda mapema, akaenda kumuuliza.